Bustani ndogo kwenye trei: skeli moja, udongo wa kweli na miti yenye matawi

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi hapa Kisumu ameniuliza hivi: "Muhula uliopita tulitengeneza na watoto wa Gredi ya 5 bustani ndogo juu ya kadibodi: nyumba ya kijijini, shamba la mboga na miti. Kadibodi ilijikunja pembeni. Miti ilikuwa mipira ya kijani juu ya vijiti. Majani halisi tuliyobandika yalinyauka, kisha ukungu ukaota kwenye nyasi tulizotengeneza kwa vumbi la mbao. Wazazi walipokuja shuleni tulikuwa tumeshaitupa. Tunataka kujaribu tena na pesa ni kidogo. Tuanzie wapi?"

Mwalimu, pokea salamu zangu, na uwafikishie watoto pia. Shida zote hizo nne zina dawa, na dawa yenyewe si ghali. Lakini kwenye picha uliyonitumia naona ya tano ambayo hukuitaja: kuku wa plastiki anatoshana na mlango wa nyumba, na ua lililo karibu na kisima lina upana kuliko ndoo. Naomba tuanzie hapo, kwa sababu hilo ndilo lililoifanya kazi yenu ionekane meza ya vitu vya kuchezea hata kabla ukungu haujafika.

Jicho la mtu husamehe mengi kwenye kazi ndogo. Halijali kama jani la mhindi ni karatasi au kama ukuta ni boksi la sabuni. Lisichosamehe ni kuku asiyeweza kupita mlangoni. Kwa hiyo chagueni skeli moja na muishike mpaka mwisho. Mimi napendekeza 1:20, yaani kila mita moja ya kweli iwe sentimita 5 kwenye trei. Watengenezaji wa nyumba za wanasesere wa Uingereza na Marekani wamezoea 1:12 kwa sababu hesabu yao ni inchi moja kwa kila futi. Sisi tunaofundisha mita hatuna haja ya kujitwisha hesabu hiyo. Kwa 1:20 mtu mzima ni sentimita 8 hivi, mlango ni 10, jembe na mpini wake ni 6, na mtungi wa maji wa lita 20 ni kama 2. Mtoto wa Gredi ya 5 anaifanya hesabu hii mwenyewe: gawanya kwa 20, basi.

Sasa tazama skeli inavyowaamulia mambo. Trei ya sentimita 60 kwa 40 ni kiwanja cha mita 12 kwa 8. Boma zima haliingii hapo. Kinachoingia ni kona moja ya boma: jiko la nje, matuta machache ya mboga, mahindi kidogo, kibanda cha kuku na mti mmoja au miwili. Mwembe uliokomaa, wenye kimo cha mita 10, ungekuwa nusu mita kwenda juu na kivuli chake kingefunika trei yote, kwa hiyo chagueni mwembe mchanga au mpapai wa mita 4, ambao ni sentimita 20. Najua pia watoto wa Kisumu, watataka kuweka Kit Mikayi, ule mlundikano wa mawe makubwa. Waache wahesabu. Mawe yale ya Seme yana kimo cha mita 40 hivi. Kwa 1:20 ni mita 2, yanakupita wewe mwalimu. Somo la skeli litakuwa limeingia bila ubao.

Kabla ya kukata chochote, nendeni mkapime kitu halisi. Makumbusho ya Kisumu yana boma la kitamaduni la Waluo lililojengwa kwa ukubwa wake kamili, linaitwa Ber-gi-dala. Nyumba ya mke wa kwanza inatazama lango, na simba, yaani kibanda cha kijana wa kiume, inakaa karibu na lango. Watoto wapime mlango, urefu wa paa na upana wa uzio kwa tepu, waandike, kisha wagawanye kwa 20. Kama safari haiwezekani, jiko la jirani wa shule linatosha. Mtoto aliyepima mlango kwa mikono yake haweki tena kuku mkubwa kuliko mlango.

Twende kwenye kadibodi. Ilijikunja kwa sababu gundi ina maji. Karatasi ya upande mmoja ililowa ikavimba, kisha ikasinyaa wakati wa kukauka na kuvuta pembe zote juu. Dawa bora ni kuacha kadibodi na kumwomba fundi seremala kipande cha plaiwudi kilichobaki; kuna mafundi wa jua kali wengi upande wa Kibuye, na kipande cha ukubwa huo mara nyingi ni mabaki tu kwao. Kama ni lazima iwe kadibodi, bandikeni tabaka tatu, mkigeuza mifereji ya ndani ili ya tabaka moja ilale kwa urefu na ya linalofuata kwa upana. Pakeni gundi nyembamba, wekeni vitabu vizito juu usiku kucha, na kesho yake pakeni rangi pande zote mbili, juu na chini. Watu husahau upande wa chini, na huo ndio unaolinganisha mvuto wa ule wa juu.

Trei bapa kabisa pia hudanganya jicho. Shamba lina mwinuko, mtaro, njia iliyokanyagwa ikazama kidogo. Finyangeni magazeti, yabandikeni pale panapoinuka, kisha funikeni kwa vipande vya gazeti vilivyochovywa kwenye gundi, tabaka mbili au tatu, kila moja ikauke kwanza. Foamu nyeupe inayokuja ndani ya maboksi ya televisheni ni nzuri zaidi kwa sababu ni nyepesi na haina maji, ila iwekeni mbali na gundi ya fundi viatu na rangi ya kupuliza. Dawa zilizo ndani yake huiyeyusha foamu palepale, na mvuke wake ni mbaya kwa mapafu ya watoto. Gundi nyeupe ya mbao inatosha kazi yote hii.

Udongo ndio ninaotaka muupe muda mwingi kuliko chochote. Watu hukimbilia maua, na chini wanaacha karatasi ya kijani. Ukitazama kona yoyote ya boma, sehemu kubwa ni udongo mtupu uliofagiliwa, na nyasi ziko pembeni tu. Tumieni udongo wa kweli. Mwekundu wa Maseno au wa Kakamega unatoa rangi nzuri mno. Ule mweusi wa tambarare za Kano unafaa pia, lakini usipakwe kama tope, maana ukikauka husinyaa na kupasuka, sawa na unavyofanya kwenye mashamba ya mpunga huko huko kwake. Anikeni udongo juani, uchomeni kwenye sufuria kuukuu nje kwa nusu saa mkiukoroga ili mbegu na wadudu wafe, kisha uchekecheni kwa kichujio cha chai. Chembe za mchanga wa kawaida zikikuzwa mara 20 ni mawe, ndiyo maana lazima upite kwenye tundu ndogo.

Pakeni gundi mahali penye udongo, nyunyizeni, subirini ukauke, kung'uteni uliobaki. Kisha changanyeni gundi sehemu 1 na maji sehemu 3, mtie tone moja la sabuni ya kuoshea vyombo, na mdondoshe mchanganyiko huo polepole kwa bomba la sindano lililoondolewa ncha au chupa iliyotobolewa kifuniko. Tone la sabuni lina kazi kubwa. Bila hilo maji hujikusanya kama shanga juu ya vumbi na kulisukuma kando. Likiwepo, yanazama na kushika kila chembe. Itaonekana nyeupe na mbaya kwa saa chache. Msiiguse. Gundi ikikauka huwa haionekani.

Kwa nyasi, vumbi la mbao bado ni chaguo langu, na ukungu hautarudi mkifuata nitakayosema baadaye. Ila rangi! Kijani kilichotoka moja kwa moja kwenye chupa hakipo shambani popote. Tieni tone la rangi nyekundu au kahawia ndani ya kijani, mtaona kinatulia. Tengenezeni mafungu matatu: moja la kijani kilichotulia, moja la manjano ya nyasi kavu, moja la kahawia. Yaanikeni kwenye gazeti, kisha nyunyizeni kwa kuyachanganya, zaidi pembeni mwa uzio na kwenye kuta, kidogo sana kwenye njia. Tena, rangi zote za kazi ndogo ziwe hafifu kidogo kuliko za kweli. Anayetazama trei akiwa umbali wa mita moja anapaswa kuona anachoona mtu aliyesimama mita 20 kutoka shambani, na hewa ya katikati hupunguza ukali wa rangi. Kwa majani makavu yaliyoanguka chini ya mti, chukueni majani ya chai yaliyokwisha kutumika, yakausheni kabisa juani na kuyanyunyiza. Sijaona kitu cha dukani kinachoyashinda.

Sasa miti, ambayo ndiyo iliyokuumiza. Mpira wa kijani juu ya kijiti unatokea kwa sababu mtu ameanza na majani. Anzeni na matawi. Nunueni waya laini wa kufungia nondo, ule unaouzwa kwa kilo kwenye hadiwea. Mtu mzima akate nyuzi kumi hadi kumi na tano zenye urefu wa sentimita 25, azikunje ncha ili zisichome vidole. Mtoto azishike pamoja na kuzisokota kuanzia chini mpaka mahali matawi yanapoanzia. Hapo agawanye nyuzi katika mafungu matatu au manne, asokote kila fungu kidogo, aligawanye tena kuwa mawili, asokote, mpaka ibaki waya mmoja mmoja kwenye ncha. Shina linakuwa nene chini na jembamba juu lenyewe, sawa na mti unavyokua. Chini acheni waya wa sentimita 3 uliosimama; ndio mzizi wa kuchomeka kwenye trei.

Zungushieni shina karatasi ya tishu iliyochovywa kwenye gundi. Mikunjo yake ndiyo magome. Ikikauka, pakeni rangi ya kijivu yenye kahawia kidogo. Wengi hupaka kahawia ya chokoleti kwa sababu ndivyo vitabu vya kuchora vinavyofundisha, lakini nendeni uwanjani mkatazame magome: mengi ni kijivu. Kwa majani, ombeni mabaki ya godoro la foamu kwa mshonaji wa viti. Yachaneni kwa vidole, yasikatwe kwa mkasi, maana mkasi huacha ukingo ulionyooka ambao jani halina. Chovyeni vipande kwenye rangi iliyozimuliwa, kamueni, anikeni. Kisha bandikeni kwenye ncha za matawi, kifungu kidogo kidogo, na muache mianya ambayo mtu anaweza kuona ukuta wa upande wa pili. Mianya hiyo ndiyo inayoumaliza ule mpira.

Kila mti una umbo lake, na nawasihi sana msitengeneze "mti" tu. Mwembe una kichwa kipana, kizito, kilichoshuka karibu na ardhi. Siala unapanda wima na kichwa chembamba, na wakati wa maua una manjano ambayo mnaweza kuyatoa kwa vipande vidogo vya foamu ile ile. Mkaratusi una shina refu tupu. Mpapai hauhitaji waya wa kusokota kabisa: kijiti kimoja kilichonyooka chenye alama za majani yaliyoanguka, majani ya karatasi yenye vikonyo virefu kileleni, na matunda yamebana shina chini yake. Mgomba mkiuweka, jani likunjwe katikati kwa urefu, kisha kingo zake zichanwe chanwe kwa mkasi mpaka karibu na uti, kwa sababu upepo wa ziwa hauachi jani zima. Watoto wakitaja jina la mti wanaoutengeneza, mikono yao hubadilika.

Mboga ndiyo kazi ya kugawia darasa kubwa. Sukuma wiki hupandwa kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 45, kwa hiyo kwenye trei ni sentimita 3 kutoka mstari hadi mstari na zaidi kidogo ya 2 kutoka mche hadi mche. Tumieni njiti ya ufagio kwa shina na karatasi ya krepe ya kijani yenye ubuluu kwa majani. Na jambo ambalo kila mama wa nyumbani atalitambua mara moja: sukuma iliyokwisha kuchumwa mara nyingi ina shina refu lenye makovu na majani kileleni tu. Tengenezeni chache hivyo, na nyingine changa zenye majani mpaka chini, na tuta litaonekana limeliwa na watu wa nyumba hiyo. Mahindi ni sentimita 75 kwa 25, yaani karibu 4 kwa 1 na robo kwenye trei, na mmea wa mita 2 na kidogo unakuwa sentimita 11. Majani ya mhindi hutoka kwa kupokezana, moja kushoto na linalofuata kulia, yote kwenye mstari mmoja ukitazama kutoka juu, hayazunguki shina. Kiplot cha sentimita 15 kwa 15 kinachukua mistari minne ya mimea kumi na miwili, kwa hiyo kila mtoto ana mhindi wake wa kuuonyesha.

Nyumba msiipambe sana. Iwekeni pembeni mwa trei, hata ikatwe nusu na ukingo. Mtazamaji ataikamilisha mwenyewe na shamba litapata nafasi. Kwa paa la mabati, mgongo mmoja wa bati la kweli hadi mwingine ni takriban sentimita 7 na nusu, kwa hiyo kwa 1:20 ni karibu milimita 4. Kadibodi ya maboksi makubwa ina mifereji mipana mno. Tafuteni jembamba, la aina ya boksi la piza, lilowesheni kidogo, bandueni karatasi ya juu, na mifereji ya ndani itajitokeza. Pakeni kijivu, kisha kahawia ya kutu kidogo kwenye misumari na kwenye ukingo wa chini. Kwa paa la nyasi, kateni kamba ya katani vipande vya sentimita 4 na mbandike kuanzia chini kwenda juu, kila safu ikifunika kichwa cha ile ya chini. Katani mpya ina rangi ya dhahabu mno. Ipakeni chai ya rangi iliyo nzito izeeke.

Kwa uzio mna bahati ya kuishi karibu na ziwa. Vikonyo vya gugumaji vilivyokauka, vile wanavyosukia vikapu, vikichanwa nyembamba vinatoa fito, mikeka na vikapu vidogo kabisa. Hakikisheni vimekauka sawasawa kwanza, maana gugumaji bichi ni maji karibu asilimia 95 na litasinyaa likiwa tayari limebandikwa. Kama mnataka ua wa mnyaa, sponji ya kijani iliyokatwa vijiti vijiti inatosha. Ua wenyewe wa kweli msiuguse, utomvu wake huunguza macho. Dimbwi la maji liwe kipande cha plastiki angavu kutoka pakiti ya shati, chini yake pakeni kahawia na kijani kizito, si buluu.

Nimebakiza ukungu na majani yaliyonyauka. Jani bichi lililochumwa halina mahali pa kupata maji, litakauka na kujikunja tu, liacheni. Mkitaka lazima kitawi halisi, kisimamisheni kwenye mchanganyiko wa gliserini sehemu 1 na maji ya moto sehemu 2, gliserini ile ile inayouzwa madukani kwa kupaka ngozi, kwa wiki mbili hivi. Kitanywa na kubaki laini, ingawa rangi itaelekea kahawia. Ukungu nao unahitaji unyevu na chakula. Chakula mliupa: vumbi la mbao, na nadhani gundi ya unga. Unyevu ulitoka kwenye kabati, ambako kazi ilifungiwa ikiwa bado mbichi, na mvua za Machi hadi Mei za Kisumu haziruhusu hivyo. Tumieni gundi ya mbao. Pesa zikikataa, gundi ya unga ipikwe mpaka iive kabisa, itiwe chumvi kijiko kimoja, na ipakwe nyembamba kwenye magazeti ya mwinuko peke yake. Kila tabaka ikae siku nzima kivulini penye upepo kabla ya inayofuata, na trei iliyokamilika ikae wazi angalau siku tatu kabla ya kufunikwa.

Baada ya hapo ifunikeni kwa plastiki angavu dhidi ya vumbi, iwe mbali na dirisha lenye jua la mchana kwa sababu rangi za maji hupauka, na isikae sakafuni hata usiku mmoja. Mchwa hupenda kadibodi kuliko watoto wanavyoipenda. Siku ya maonyesho chomoeni miti, kila mmoja ufungwe kwenye gazeti lake, trei ipakiwe tuktuk ikiwa imelala kwenye kiti, boda hapana. Mkifika ukumbini ndipo miti ichomekwe, na watoto waliopima ndio waichomeke, kwa sababu wao wanajua kila mmoja unasimama wapi.